Kitosani ya kuvu kwenye kinywa: uliza imetoka wapi

Wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda huja kung'oa jino wakiwa na hofu, na hofu yao ina msingi. Jino hutoka bila shida. Kazi huwa kwenye damu inayofuata. Kwao mimi huweka kipande cha sponji ya kitosani, dutu inayotengenezwa kutokana na kitini, yaani kitu kigumu kinachojenga magamba ya kaa na kuta za seli za kuvu, ndani ya shimo la jino. Ikilowa damu hulegea, inakuwa ute mzito unaong'ang'ania kuta za shimo. Mgonjwa anauma shashi, damu inakata. Kitosani ina chaji chanya, chembe nyekundu za damu zina chaji hasi, basi zinavutana na kushikana hata pale mfumo wa kawaida wa kuganda unapozubaishwa na dawa.

Lakini kitosani nyingi sokoni hutokana na magamba ya kaa na kamba. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize msambazaji malighafi yake, na umuulize mgonjwa kama ana mzio wa viumbe hao. Kinachosababisha mzio ni protini zao, na kitosani iliyosafishwa vizuri haitakiwi kuwa nazo, ila mimi nikiwa na kitosani ya kuvu sioni sababu ya kubahatisha.

Na kuvu haikosekani. Mwaka 1811 Mfaransa Henri Braconnot aliipata kitini kwenye uyoga, kabla haijatambuliwa kwa wadudu. Leo viwanda vya asidi ya sitriki hukuza kuvu Aspergillus niger, hukamua asidi, kisha hubaki na marundo ya nyuzi zake. Wakulima wa uyoga nao hukata mabua na kuyatupa. Taka hizo huchemshwa kwenye soda kali ili kuondoa protini na kugeuza kitini kuwa kitosani. Hakuna chokaa nyingi ya kuyeyusha kwa asidi kama ilivyo kwenye magamba, na kuvu haina msimu wa uvuvi; ndiyo maana ubora wake ni rahisi kuuweka sawa toleo kwa toleo.

Usikubali karatasi ya bidhaa isiyotaja kiwango cha kuondolewa asetili (yaani kitini imegeuzwa kuwa kitosani kwa kiasi gani) na uzito wa molekuli. Hivyo ndivyo vinavyoamua itayeyuka vipi na itadumu muda gani kwenye fizi. Kumbuka pia kwamba kitosani ya kawaida huyeyuka kwenye asidi, chini ya pH (kipimo cha uchachu) 6.5 hivi. Mate yakiwa karibu na 7, chaji yake hupungua, na nguvu ya kuua bakteria hupungua nayo. Kwa sababu hiyo naiamini zaidi ikiwa sponji au utando unaokaa mahali pamoja kuliko maji ya kusukutua.

Kwenye matibabu ya mzizi, mmumunyo wa kitosani wa asilimia 0.2 husaidia kuondoa tabaka la vumbi la kuchonga lililoganda kwenye kuta. Hautoshi peke yake. Hipokloriti, dawa ya klorini ya kuulia vijidudu ndani ya mzizi, bado inahitajika, ila suuza katikati, usivichanganye.

Nawe msomaji usiye daktari, tafadhali usisage uyoga ukaweka kwenye kidonda cha jino. Uyoga wa jikoni una kitini, si kitosani, na hauna usafi unaotakiwa kwenye jeraha. Na kama una mzio wa ukungu, mwambie daktari wako kabla hajafungua pakiti.