Sumaku ya msumari na sumaku ya tesla 45

SWALI: Wanafunzi wangu hapa Jinja wamezungusha waya wa shaba kwenye msumari. Tulipoongeza betri, waya ulichemka lakini nguvu haikuongezeka sana. Maabara ya sumaku ya Tallahassee, Marekani, hufikaje tesla 45 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku)? – Mwalimu wa fizikia

JIBU: Mwalimu, mmegonga kuta mbili. Chuma hushiba: kikifika tesla 2 hivi, hakina zaidi cha kutoa. Pili ni joto: mkondo wa umeme ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Darasani, ongezeni mizunguko badala ya betri. Mkizidisha waya mara mbili kwa betri ileile, nguvu hubaki karibu palepale, ila joto hupungua nusu. Msiwashe zaidi ya sekunde chache.

Maabara kubwa huacha msumari kabisa. Sehemu ya ndani ya sumaku ya Tallahassee ni sahani za shaba zenye matundu mengi, ubunifu wa mwanafizikia Mmarekani Francis Bitter wa miaka ya 1930. Hupangwa moja juu ya nyingine na vihami (vitu visivyopitisha umeme) katikati, na maji husukumwa kwa kasi kupitia matundu hayo. Maji yale huondolewa madini kwanza, la sivyo yatapitisha umeme. Sehemu hiyo hutoa takriban tesla 33.5. Zilizobaki, 11.5, hutoka kwenye koili (waya uliozungushwa) ya nje isiyo na ukinzani, yaani isiyozuia mkondo, iliyopozwa kwa heli kimiminika hadi nyuzi 271 hivi chini ya sifuri.

Kizuizi kigumu kuliko joto, kwa maoni yetu, ni msukumo wa sumaku yenyewe dhidi ya koili zake: kwenye tesla 45 shinikizo hufika takriban mara 8,000 ya lile la hewa. Shaba tupu ingepasuka, ndiyo maana huchanganywa na madini ya fedha.