Mlutheri kwenye ibada ya pamoja na Wakatoliki?

Dada uliyeuliza kama Mlutheri anaweza kwenda ibada ya pamoja na Wakatoliki bila kuvunja utaratibu: nenda tu. Neno, nyimbo, maombi, hata sadaka, hakuna shida. Kinachogoma ni Meza ya Bwana. Kwa Wakatoliki, komunyo ni ya walio katika ushirika kamili na kanisa lao, isipokuwa hali chache sana kama hatari ya kufa. Ndiyo maana Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, Januari 18 hadi 25, kwa kawaida mnakutana kwenye ibada ya Neno, si misa. Ubatizo ni habari nyingine: kama Walutheri walikubatiza kwa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Wakatoliki hawakubatizi upya.

Ukitaka kuanza taratibu, fuatana na kina mama Ijumaa ya kwanza ya Machi kwenye Maombi ya Dunia, siku ambayo wanawake wa madhehebu mbalimbali huomba pamoja. Liturujia huandaliwa na wanawake wa nchi moja kila mwaka. Ya 2025 ilitoka Visiwa vya Cook. Kwetu mwaka ule padri alisalimu "Tumsifu Yesu Kristo", nusu ya mabenchi ikaitikia "Milele amina", nusu "Amina" tu, na wa kwanza kucheka alikuwa mchungaji. Baadaye chai, mihogo ya kuchemsha, na ubishi wa kwaya ipi imeimba vizuri. Ni Wamoraviani, ila msiwaambie Waanglikana.