Fundi wa Kamera Anajibu: Sehemu ya "Mtu" Imetoweka kwenye Menyu

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, Dar es Salaam, na nyuma yake uwanja ninapolaza nondo, mabati na mbao. Mwaka juzi nilifungiwa kamera sita zinazotofautisha mtu na vitu vingine. Usiku mtu akiruka ukuta simu ilikuwa inalia, paka akipita kimya. Mwezi wa nne umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza mashine ya kurekodi. Fundi akaniletea nyingine ya kampuni tofauti kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Picha zinaonekana safi kabisa, ila ile sehemu ya kuchagua "mtu" haipo tena kwenye menyu. Imebaki "mwendo" peke yake. Turubai likipepea simu inalia, popo akipita inalia, mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Nikachoka nikaizima, na wiki iliyofuata zikaondoka nondo kumi na tano za milimita 12. Fundi anasema kamera zimechoka, ninunue sita mpya. Nifanyeje?
*Mama wa vifaa vya ujenzi, Tegeta*

JIBU: Mama, pole sana kwa nondo. Kwanza usinunue kamera hata moja. Kamera haichoki akili ikabaki na macho mazuri, tena zote sita siku moja. Tatizo lilianza siku mashine ilipobadilishwa, na umeniandikia mwenyewe kwamba ni ya kampuni tofauti. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kamera zako zinamtambua mtu zenyewe, kule juu ukutani, kisha zinaiambia mashine. Kamera na mashine za kampuni moja zina lugha yao ya nyumbani. Ukichanganya kampuni, zinalazimika kuongea lugha ya wote inayoitwa ONVIF, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Mngoni na Mhaya wakikutana Kariakoo biashara inakwenda vizuri kwa Kiswahili, lakini utani wa kwao kila mmoja anabaki nao. Ndivyo ilivyo hapa. ONVIF ina madaraja. Daraja S, la zamani, linapitisha picha na kuzungusha kamera. Daraja T, la mwaka 2018, linaongeza taarifa za mwendo. Habari za "huyu ni mtu, lile ni gari" zina daraja lake, M, lililotoka mwaka 2021. Mashine ya bei nafuu ikiishia S au T, kamera itapiga kelele usiku kucha kwamba ameingia mtu na mashine haitasikia.

Mwambie fundi afungue orodha ya kamera kwenye mashine, atazame safu ya protokali, yaani lugha ambayo kila kamera inaongea na mashine. Akikuta ONVIF, jibu mnalo.

Baada ya hapo aiulize kamera yenyewe. Hapa nasisitiza, maana mafundi wengi tunaishia kwenye menyu ya mashine, na kisichoonekana pale tunamwambia mteja hakipo. Mimi nilifanya hivyo Mwanza, kwenye ghala la dagaa. Nilimshauri mzee wa watu anunue kamera mpya, akanunua, nikaifunga, nayo ikakosa kilekile. Kilikuwa kimezimwa ndani ya kamera. Fedha yake ilikuwa imeshaondoka, na tangu siku hiyo simshauri mtu kununua kabla sijaifungua kamera.

Kama nyaya za kamera zako zimechomekwa nyuma ya mashine, kamera ziko kwenye mtandao wa ndani wa mashine na ruta yako haizioni. Fundi achomeke kompyuta kwenye tundu lililo wazi hapohapo nyuma, aipe kompyuta anwani ya mtandao huo, kisha aandike anwani ya kamera kwenye kivinjari. Aingie kwa akaunti ya admin, siyo ya mtumiaji wa kawaida, kwa sababu akaunti ndogo hufichwa menyu nyingi. Baadhi ya kamera za zamani zilitengenezewa Internet Explorer, ambayo Microsoft iliistaafisha Juni 2022. Ukizifungua kwa kivinjari kipya, ile picha ya kuchorea mstari wa ulinzi, ambao mtu akiuvuka simu inalia, haitokei, na mtu anadhani kamera haina uwezo. Atumie Edge, kivinjari kipya cha Microsoft, katika hali ya kuiga Internet Explorer.

Akishaingia, kuna sehemu mbili ninazozikagua kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ni ukurasa wa kugawa kazi. Kamera nyingi haziwezi kufanya utambuzi wa nyuso na ulinzi wa mstari kwa pamoja, kwa hiyo unachagua kimoja, na kile ulichokiacha kinafutika kabisa kwenye menyu. Ukibadilisha, kamera inajizima na kuwaka upya. Ya pili ni ubanaji wa picha. Fundi akitaka diski ichelewe kujaa huwasha H.265+ au kitu cha jina linalofanana, na kwenye baadhi ya kamera hiyo huzima kazi nyingine. Azime ile alama ya kujumlisha, abakize H.265 ya kawaida, aone kama "mtu" anarudi.

Gharama yake ni nafasi. Kamera moja kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku, sita zinakula kama 260, na diski ya terabaiti 2 inakupa siku saba na ushee. Megabiti 2 zinakupa siku kumi na tano. Kwa uwanja wa nondo ningekubali megabiti 2 ili nimpate mtu kwa uhakika.

Sasa taarifa ifikeje kwenye simu yako? Kama muuzaji bado anakubali kurudishiwa, rudisha mashine uongeze fedha, uchukue ya kampuni ya kamera zako. Hata ukiongeza sana ni mashine moja dhidi ya kamera sita. Akikataa, nunua swichi ya matundu manane inayopeleka umeme kwenye kamera, hamishia nyaya humo, uiunganishe na ruta. Mashine itaendelea kurekodi kupitia mtandao, na kila kamera utaiongeza moja kwa moja kwenye programu ya simu ya kampuni yake. Simu italia kwa mtu tu, kama zamani. Saa za kamera na mashine zote ziwe saa ya Afrika Mashariki, UTC+3, kwa sababu saa zikipishana ONVIF inaweza kukataa hata nywila sahihi.

Eneo la ulinzi mlichore ndani ya ukuta, lisiguse barabara. Na tafadhali weka kizuia mshtuko wa umeme pamoja na UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Kilichounguza mashine ya kwanza bado kipo kwenye nyaya za mtaa wako.

SWALI: Hujambo fundi. Naendesha mkahawa Mombasa. Jirani yangu ana alama ya spika kwenye simu na anasikia kila kitu kaunta. Yangu haina. Kwa nini?
*Msimamizi wa mkahawa*

JIBU: Sijambo, ndugu. Soma jina kamili la modeli kwenye kibandiko, hadi herufi ya mwisho. Kamera mbili zinaweza kufanana umbo na boksi, moja ikawa na maikrofoni na nyingine isiwe nayo. Kama ipo, fungua mipangilio ya picha na utafute palipoandikwa "picha tu", ubadilishe iwe "picha na sauti". Ukiangalia kwa mkondo mdogo, yaani ile picha nyepesi kamera inayoituma pembeni ya picha kubwa, badilisha huko pia, maana simu mara nyingi hutumia huo.

Ila nakuomba ufikiri kabla. Wateja wako wanazungumza mambo ya ndoa na maradhi mezani. Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mimi huwasha sauti penye sefu, ambako wateja hawafiki, na wafanyakazi wanaambiwa waziwazi. Kwenye meza za chakula nimeshakataa kazi ya namna hiyo.

SWALI: Shikamoo fundi. Shemeji alininunulia kamera kwa muuzaji wa mtandaoni nje ya nchi. Maelezo yalisema inasoma namba za magari, kwenye menyu haipo. Rafiki ana faili la kusasisha. Niliweke?
*Kijana wa kituo cha mafuta, Dodoma*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiliweke. Baadhi ya kamera hizo zilitengenezwa kwa soko la China na kubandikwa menyu ya Kiingereza na muuzaji. Ukiweka programu rasmi ya kimataifa, kamera inaweza kurudi Kichina au isiwake tena. Chukua namba ya modeli, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kazi hiyo imeorodheshwa. Isipokuwepo, dai fedha kwa muuzaji. Ikiwepo, chukua faili hapo tu, na wakati wa kuliweka kamera na kompyuta ziwe kwenye UPS. Na kama nywila bado ni ile iliyokuja nayo, ibadilishe leo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu kupitia nywila za kiwandani.