Nilijifunza ualimu kwa simu, je nimeiva?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la nne. Korona ilipoingia 2020 nilikuwa chuo, kikafungwa, mazoezi ya kufundisha tukafanyia nyumbani, yani unajirekodi dakika kumi, unamtumia mkufunzi WhatsApp, anakupa maksi imeisha hiyo. Wenzangu shuleni wananiita mwalimu wa onlaini na darasa likinishinda naona kweli sijaiva. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo jina lisikuumize, maana mwaka ule WHO ilishatangaza janga la dunia tarehe 11 Machi na wanafunzi zaidi ya bilioni moja wakawa nyumbani, sasa vyuo vya ualimu vingekupeleka shule gani wakati zote zimefungwa? Wakufunzi wengine hata hayo madarasa ya Zoom walikuwa wanajifunza usiku wanafundisha asubuhi.

Alafu somo fupi la kurekodi sio kitu cha kuokoteza. Ni maikrotichingi, ilianza chuo kikuu cha Stanford kule Marekani 1963, kabla hata ya hizi simu. Unafundisha kipande kidogo, mnakiangalia pamoja, unaambiwa wapi umeteleza, UNARUDIA kufundisha kilekile. Hapo kwenye kurudia ndo chuo kilikuangusha na hili nalisema kwa uchungu kwasababu nimewaona wengi, video imetumwa, maksi imewekwa, hamna aliyerudia. Kurekodi bila kurudia ni mtihani tu, sio mafunzo.

Na kitu ambacho simu haikuweza kukupa ni sura za watoto. Yule wa nyuma anayenakili kwa jirani, yule anayetikisa kichwa kumbe hajaelewa, hivyo unavijua ukiwa nao tu.

Sasa fanya hivi. Ongea na mwalimu mkuu akuruhusu, weka simu nyuma ya darasa ikuangalie wewe, sura za watoto zisionekane, rekodi dakika kumi tu. Jioni angalia kitu kimoja: ukiuliza swali unasubiri sekunde ngapi? Mtafiti Mary Budd Rowe aliwapima walimu miaka ya 70 akakuta wengi wanasubiri kama sekunde moja basi, wanajijibu wenyewe au wanarukia mtoto mwingine, na waliposubiri tatu au zaidi hata wale wasiosemaga walianza kujibu. Dada mmoja niliyekuwa namsimamia alijiona kwenye video anauliza "saba mara nane?" huku kashageukia ubao anaandika 56, akashika mdomo. Wiki iliyofuata aliuliza akaificha chaki mgongoni, akasubiri.

Kesho yake rudia mbinu hiyohiyo na mkondo mwingine kama upo. Na kati ya hao wanaokuita wa onlaini mchague mmoja unayemuamini, muombe akae dawati la nyuma kipindi kimoja, aandike watoto wangapi wameongea.