Kwa nini kisonono humrudia mtu aliyekwisha kupona?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, nina umri wa miaka 34. Novemba mwaka jana, minada ikiwa imepamba moto, niliugua kisonono, nikatibiwa, nikapona kabisa. Mwezi Mei kimenirudia. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba mtoto akishaugua surua haiugui tena. Mbona kwa ugonjwa huu mwili wangu haukujifunza chochote? Mke wangu hana dalili yoyote.
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Bibi alisema kweli, kwa sababu virusi vya surua huja na sura ileile, na seli za kinga zikishavitambua hutunza kumbukumbu hiyo maisha yote. Bakteria wa kisonono, ambaye daktari Mjerumani Albert Neisser alimtambua mwaka 1879, hana sura moja. Hujishikiza kwenye utando wa njia ya mkojo kwa vinywele vyembamba, na vinywele hivyo ndivyo vinavyolengwa na kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa mdudu. Lakini katika vinasaba vyake amehifadhi nakala za akiba za protini ya vinywele hivyo, na mara kwa mara humega kipande cha nakala mojawapo na kukipachika kwenye ile inayotumika. Ni kama gari la magendo ya korosho linalobadilishiwa namba kabla ya kila kizuizi: askari wanayo namba waliyopewa, ila gari lenye namba hiyo halipiti tena.

Hata hivyo, hila inayonishangaza zaidi ni nyingine. Ule usaha mzito uliouona umejaa seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Mtaalamu wa maabara akiupaka kwenye kioo, akautia rangi na kuutazama kwa hadubini, huwaona bakteria wawili wawili, kama maharage yaliyoelekeana, wakiwa ndani ya seli zilizowameza. Ungedhani wamekwisha, kumbe baadhi yao huendelea kuishi humo humo. Isitoshe, nyutrofili hupigana na kufa bila kuacha kumbukumbu; kumbukumbu ni kazi ya limfosaiti, yaani seli T na seli B. Katika majaribio ya maabara, protini moja ya bakteria huyu imeonekana kukamata kipokezi cha seli T ambacho kazi yake ni kuituliza, na katika panya ameonekana kuuchochea mwili ulete nyutrofili kwa wingi huku akiuzuia kujenga kinga ya kudumu. Kwa hiyo mapambano yalikuwepo, na maumivu ni shahidi, ila waliopaswa kuyakumbuka walikuwa wamelazwa usingizi.

Klamidia, bakteria mwingine wa zinaa ambaye mara nyingi huja pamoja na kisonono, hujificha kabisa. Huingia ndani ya seli ya utando na kuzaliana humo kwa siku mbili au tatu, kama fukusi ndani ya punje ya hindi ambayo kwa nje bado inaonekana nzima. Seli T zikigundua, hutoa interferoni gama, kemikali ya kinga ambayo huifanya seli iliyovamiwa iteketeze triptofani, lishe ambayo klamidia hawezi kukua bila hiyo. Naye ana jibu: aina zinazoishi sehemu za siri zinaweza kutengeneza triptofani kwa kutumia indoli, kemikali inayotolewa na baadhi ya bakteria wengine wa ukeni.

Sasa kuhusu mkeo. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili, kwa hiyo ukimya huo hauthibitishi kwamba hana maambukizi, wala hauonyeshi nani alimwambukiza nani. Nendeni kituo cha afya pamoja, mpimwe na kutibiwa wote, na msikutane kimwili hadi zipite siku 7 tangu mlipomaliza dawa. Mwenzi mwingine yeyote uliyekuwa naye naye aitwe, jambo ambalo najua ni gumu kulitamka. Usinunue vidonge dukani kwa kukisia, kwani kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani. Dalili zikiendelea siku chache baada ya tiba, rudi na uombe usaha uoteshwe maabara, ili ijulikane ni dawa gani inayomuua bakteria uliye naye.