Mdogo wangu, umeniuliza kama huku kuna furaha kweli

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mjomba, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Muheza, kwetu Tanga. Alikuwa amesoma tena kwamba Ufini ndiyo nchi yenye furaha kuliko zote duniani. "Dada, huko mnacheka muda wote? Mbona wewe ukipiga simu sauti imechoka? Niambie ukweli, nami nianze kutafuta pasipoti?" Nilimjibu kwa maneno mawili matatu nikiwa ndani ya basi, na usiku nikaona nimemdhulumu. Na si yeye peke yake anayeniuliza. Basi nakaa leo niseme yote.

Hiyo nambari moja ni ya kweli. Kuanzia 2018 hadi 2025, Ufini haikukosa nafasi ya kwanza hata mwaka mmoja katika ile ripoti ya furaha ya dunia. Lakini hakuna aliyekwenda kuhesabu vicheko. Mtu anaambiwa awaze ngazi yenye vidato kuanzia sifuri mpaka kumi, juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote anayoweza kuyawazia, chini ni mabaya kuliko yote. Kisha anaulizwa: wewe umesimama wapi? Wafini kwa wastani wanajibu saba na ushei. Basi. Ni swali la kutosheka, na mtu anaweza kutosheka huku amenyamaza kimya, amekunja uso, anangoja basi kwenye theluji. Ningelijua hilo kabla sijapanda ndege, mwaka wangu wa kwanza usingeniumiza vile.

Naishi hapa Ufini, Tampere, mji ulioketi kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi. Nilifika Novemba, na Novemba kwa Kifini ni marraskuu, neno lenye asili ya mauti. Theluji ilikuwa bado, mvua ya baridi, giza. Ikafika Desemba, jua likawa linachomoza saa nne kasoro asubuhi na saa tisa mchana limeshazama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa usafi wa maofisi, kuingia saa kumi na mbili asubuhi. Nilitoka nyumbani gizani, nikarudi gizani, na kwenye koti nimening'iniza kile kibati cha plastiki kinachong'aa ili magari yanione, maana sheria ya huku inamtaka mtembea kwa miguu akivae gizani. Nyumbani mnasema nimekwenda kubeba boksi. Boksi langu lilikuwa ndoo na mopu.

Baridi inavalika. Kilichonitesa ni ukimya. Muheza huwezi kupita nyumba tano bila kuulizwa umeamkaje, watoto hawajambo, unakwenda wapi na kikapu. Huku jirani akisikia mlango wako unafunguliwa, anangoja kwanza upite ndipo atoke. Si chuki, nimekuja kuelewa baadaye, kwao ni adabu ya kumwachia mwenzako nafasi. Lakini wakati ule niliweza kumaliza wiki nzima sijasikia jina langu likitamkwa na mtu aliye mbele yangu. Hiyo ndiyo sauti iliyochoka uliyoisikia kwenye simu, mdogo wangu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unasomea mtihani.

Sasa nikueleze siku iliyonigeuza, na usishangae ikiwa ndogo.

Kazini kuna mapumziko ya kahawa. Wafini wanakunywa kahawa kupita karibu watu wote wa dunia hii, na saa ya kahawa ikifika hata bosi anakaa. Mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa tukifanya naye zamu, ambaye kwa miezi miwili hatukupita "habari za asubuhi", alitoa kwenye mfuko mkate mtamu uliosukwa kama nywele, wanauita pulla, akanikatia kipande. Nikaupeleka mdomoni, na kabla sijautafuna harufu ikanifika. Iliki! Iliki yenyewe, ile ya maandazi ya mama siku ya Idi, ile ya mashamba ya kule Amani, milimani kwetu. Nilishindwa kumeza. Mama yule alidhani mkate umenikwama, akakimbilia maji.

Kwa Kifini changu kibovu nikamweleza kwamba hiki kilichomo ndani nakijua tangu mche. Kwamba babu yangu alikuwa na shamba lake la iliki milimani Usambara, kwamba iliki inapenda kivuli cha miti mikubwa, na kwamba tunda lake halining'inii juu bali linatokea chini kabisa, karibu na udongo, inabidi uiname kulichuma. Alikuwa amekula iliki maisha yake yote na hakuwahi kujua inatokaje ardhini. Akaniuliza maswali mpaka mapumziko yakaisha. Nikamwambia na jingine: Wazungu wa kwanza niliowaona kwa macho yangu, utotoni miaka ya tisini, walikuwa Wafini waliokuja na mradi wa kuhifadhi misitu kwetu huko. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Mfini akicheka kazini, na nilichekesha mimi.

Agosti akanichukua msituni. Huku kuna haki wanayoiita haki ya kila mtu: unaweza kuingia msitu wa yeyote, ukatembea, ukachuma matunda ya porini na uyoga, bila kumwomba mwenyewe ruhusa, mradi usisogelee ua wa nyumba ya mtu, usikate mti wala kuharibu mazao. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika hatutafukuzwa. Tukainama saa nne nzima tukichuma mustikka, vitunda vyeusi-buluu vidogo kuliko kunde mbichi, kwa chombo kama kitana kikubwa chenye mkebe nyuma yake. Mbu walituuma, ingawa wa huku hawana malaria. Tulipoketi kunywa chai akanionyesha ulimi, nami nikamwonyesha wangu. Rangi ya zambarau tupu! Nikakumbuka tulivyokuwa tukitoka shule kupitia chini ya ule mzambarau, tukifika nyumbani tunaapa hatukupita huko, na ulimi unatushtaki. Ndoo mbili tulijaza. Hazikutugharimu senti. Niliporudi nyumbani jioni ile nilijikuta naimba jikoni, nikanyamaza ghafla, nikajiuliza mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kuna na sauna, ambayo lazima utaniuliza. Watu milioni tano na nusu na kidogo, sauna zaidi ya milioni tatu. Utamaduni wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2020. Fikiria nyungu, mdogo wangu, ile ya kufunikwa blanketi na majani ya mwarobaini ukiwa na homa, ila hii ni chumba kizima cha mbao, na hakuna mgonjwa. Unachota maji kwa kata, unayamwagia mawe ya moto, mvuke unapanda. Mvuke ule una jina lake peke yake, löyly, na zamani neno hilo lilimaanisha roho. Kwenye jengo letu kuna saa ya pamoja kila wiki, yetu wanawake ni Alhamisi saa moja jioni. Kwa desturi yao wanaingia bila nguo. Mimi nimelelewa kwa khanga na stara, niliingia na khanga yangu na hakuna aliyenisema neno. Ndani mle wanaongea. Watu wale wale wasiosalimiana kwenye ngazi, ukikaa nao mvukeni wanakueleza ndoa zilizovunjika na baba waliowazika. Nikielezwa leo kuwa Alhamisi yangu imefutwa, nitalia.

Basi nikikuambia furaha ya huku ni mkate wa iliki, ndoo ya matunda na saa moja ya mvuke, sikudanganyi. Ila sitaki uyachukue maneno yangu ukaenda kumwambia mjomba kwamba pesa si kitu, furaha ni mambo madogo. Hapo ndipo wengi wanapotudanganya. Wanaosema maskini ana furaha yake hawajawahi kumuuliza akiwa ameketi na bili ya hospitali mkononi. Mimi nimeweza kuuonja mkate ule kwa sababu kuna hofu kadhaa ambazo hazikukaa nami mezani. Mwanangu anakula chakula cha moto shuleni kila siku, bure. Sheria hiyo waliipitisha 1943, nchi ikiwa vitani na watu hawana kitu, na kufikia 1948 ikawa inatekelezwa. Waliamua wakiwa maskini, hawakungoja kutajirika. Kila nikilifikiria hilo naumia kwa ajili yetu, na pia napata tumaini. Akiugua, nampeleka bila kukopa. Nikilala, nalala. Akili iliyolala ndiyo inayosikia harufu ya iliki asubuhi. Mama yetu pale Muheza alikuwa na iliki jikoni miaka yote, lakini kichwani alikuwa na ada zetu nne.

Na bado kuna mambo ambayo mama alikuwa nayo na mimi sina. Nikichelewa kurudi kazini hakuna anayeshtuka. Mwanangu hana bibi wa kumkimbilia akichapwa na maneno yangu. Nilikuwa mgonjwa siku tatu majira ya baridi yaliyopita, na uji nilijipikia. Furaha ya kubishiwa hodi bila taarifa sijaipata huku mpaka leo, na sidhani kama inauzwa.

Kwa hiyo pasipoti itafute, kuwa nayo si kosa. Lakini usije kutafuta kicheko. Kama ni kusoma, ujue kwamba tangu 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanaosoma shahada kwa Kiingereza wanalipa ada, na si ndogo. Andika maombi ya ufadhili mapema, na Kifini anza kukisoma ukiwa huko huko, mtandaoni, kila siku nusu saa. Bila lugha utabaki kwenye ndoo na mopu, na ukimya utakuzidi. Usikope pesa za kumlipa mtu yeyote anayekuahidi kazi ya kuchuma matunda. Niulize mimi kwanza.

Mama yule wa pulla sasa amestaafu. Kila Jumapili anakuja kwangu. Nimemfundisha kukanda maandazi kwa tui la nazi la kopo, ambalo halifikii la kukuna lakini linasaidia, na naye ananifundisha kusuka ule mkate. Hatuongei sana. Mwanangu anamwita bibi kwa Kiswahili, na yeye anaitika.

Tatizo ni iliki ya dukani. Nyingi inauzwa imeshasagwa, kwenye vifuko vidogo, nusu ya harufu imekwisha njiani. Nimemwahidi mama huyu kwamba siku moja ataiponda mwenyewe ikiwa nzima na ganda lake. Ukisikia kuna mtu anakuja huku kabla ya Krismasi, panda Amani kwa babu, chukua kibaba kimoja, kifunge vizuri kwenye chupa kavu. Nauli nitakutumia Ijumaa.