Sheria za kuthibitisha umri: hata apu ndogo ya noti inaguswa

Mkuu umeuliza kama apu yako ya kuandika noti, isiyo na kamari wala picha za wakubwa, inahusika na hizi sheria mpya za umri za kule Marekani. Inahusika. Mi nilidhani ni kesi ya wenye mitandao ya kijamii tu, nikakaa miezi bila kugusa kodi (code) ya apu yangu, baadae nikahangaika wiki tatu mfululizo.

Utah walianza kupitisha sheria Machi 2025, Texas wakafuata Mei na sheria yao iitwayo SB 2420. Stoo ya apu (App Store ya Apple au Play Store ya Google) ndo inathibitisha umri wa mwenye akaunti, inamweka kwenye kundi (chini ya 13, 13 hadi 15, 16 hadi 17, au 18 kwenda juu), halafu we developa unapokea hilo kundi. Haibagui apu: noti, kikokotoo, tochi, wote mumo. Ya Texas ilikuwa ianze Januari 1, 2026, jaji wa shirikisho akaizuia Desemba 23 wakati mi nshamaliza kazi yote, ila sijutii maana California nao wana sheria yao, AB 1043, ya kuanza 2027.

Sasa kuunganisha API (njia ya apu kuiuliza stoo umri) sio shida. Apple wana Declared Age Range, Google wana Age Signals, unauliza unajibiwa rika, tarehe ya kuzaliwa hupewi. Nusu siku umemaliza. Shida inaanza ukishajibiwa! Kuna COPPA, sheria ya tangu 1998, inakataza kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya 13 bila ruhusa ya mzazi, na kama apu haikulenga watoto ulikuwa unabanwa pale tu unapojua kweli kwamba huyu ni mtoto. Wengi tuliishi hivyo, hatuulizi kwa hiyo hatujui. Stoo ikishakwambia, umejua, na huwezi kusema hukujua.

Nilipokagua kodi ya apu yangu nikakuta SDK ya matangazo (kifurushi cha kodi ya kampuni nyingine unachoweka ndani ya apu) inawaka sekunde ileile apu inapofunguka, yani jibu la umri linarudi wakati kitambulisho cha matangazo (namba ya kuitambua simu ya mtu) kishatumwa kwenye seva za watu, na ile ya kuripoti kreshi nayo hivyohivyo. Ikabidi nipange upya mwanzo wote wa apu: uliza umri, subiri jibu, ndo uwashe vingine. Na jibu lisiporudi je, intaneti imekata, au mtu kagoma kushea umri wake? Mi nimeamua asiyejulikana nimchukulie kama mtoto, apu inafunguka kama kawaida ila matangazo ya kumfuatilia hapati. Mapato yameshuka na inauma, lakini sitaki data ya mtoto wa mtu ipite kwangu kimakosa.

Kingine watu wanakiruka: ile sheria ya Texas iliandikwa kwamba ukifanya badiliko kubwa, mfano kuanza kukusanya data mpya au kuweka matangazo ambayo hayakuwepo, uiarifu stoo na mzazi aombwe ruhusa upya. Kwa sheria kama hiyo, apdeti uliyokuwa unaisukuma usiku mmoja inataka upange.

Naunga mkono watoto walindwe, kabisa. Ila kampuni kubwa ina wanasheria wa kusoma haya yote, mtu mmoja anabeba mzigo uleule peke yake, na hapo naona waliotunga hawakutufikiria.

Na tafadhali usije ukatengeneza fomu yako ya watu kupakia vitambulisho, nimeona mtu anashauri hivyo juu huko kwenye mjadala huu. Kitambulisho ukishakipokea ni jukumu lako kukilinda, seva ikidukuliwa umewaumiza watu wasio na hatia. Chukua rika tu, litumie palepale, usilihifadhi.

Anza na SDK zako. Weka orodha yake hapa, nikipata muda jioni ntakwambia zipi zinawaka mapema.